Choo Kilitoka, Manjano Yakabaki

Mhadhara kwa akina mama na wahudumu wa afya ya jamii, Kisumu

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba wachache mliokuja, oyawore.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mtoto akibadilika rangi, wengi wetu husema ana homa ya manjano. Hiyo ni maradhi mengine kabisa, ya kuletwa na mbu. Hili la watoto wachanga tuliite manjano tu. Kati ya watoto 100 waliotimiza miezi yao, karibu 60 huyapata wiki ya kwanza, na kwa njiti ni karibu 80. Wengi wao hupona bila dawa. Mimi nimekuja kwa ajili ya wale wasiopona wenyewe.

Siku moja mama mmoja aliingia wodini kwetu na mtoto wa siku 4. Alipofungua leso, ndani mlikuwa na chupa ndogo ya gliserini, hii tunayopaka ngozi. Jirani alimwambia amtie mtoto kwa njia ya haja kubwa ili manjano yatoke na choo. Alifanya hivyo siku 2. Choo kilitoka kweli. Lakini mtoto alikuwa amelegea, titi analiachia, na nyayo zake zilikuwa manjano kama binzari.

Sikumgombeza, kwa sababu alichofikiri ndicho walichofikiri hata madaktari. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu nyingi za damu. Zikivunjika, huacha rangi iitwayo bilirubini. Ini huisafisha na kuimwaga kwenye matumbo pamoja na nyongo, ila ini la mtoto wa siku 2 bado halijapata nguvu. Na kile choo cha kwanza, cheusi, kinachonata kama lami, kimejaa bilirubini hiyo. Kikikawia, utumbo huinyonya na kuirudisha kwenye damu. Basi watafiti wakajiuliza: tukikiharakisha choo, si manjano yatapungua?

Wakajaribu kwa njia ya haki. Watoto wakagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wakapewa gliserini, wale wasipewe, na damu ya wote ikapimwa. Choo cha kwanza kikatoka mapema kwa waliopewa. Lakini matokeo ya majaribio hayo yalipowekwa pamoja, kiwango cha juu cha bilirubini hakikushuka kwa namna ya kutegemewa, wala idadi ya watoto waliohitaji kutibiwa kwa mwanga wa taa haikupungua. Gliserini huamsha mwisho wa utumbo tu, na bilirubini nyingi hunyonywa huko juu, kwenye utumbo mwembamba. Mimi nawaheshimu sana watafiti wale. Wazo lilikuwa zuri, na hawakuona haya kusema kwamba halikuleta walichokitumaini.

Kinachofanya kazi ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto bustanini. Mtoto mmoja akaonekana amepauka mahali jua lilipompiga, na pale shuka ilipomfunika manjano yakabaki. Kutoka hapo zikaja taa za bluu tunazotumia leo. Mwanga huo huigeuza bilirubini iliyo kwenye ngozi ikawa ya aina inayoweza kutoka mwilini bila kulisubiri ini. Lakini msiniambie basi tumwanike mtoto juani. Jua la Kisumu huunguza na kukausha maji mwilini, na hakuna awezaye kulipima kama taa.

Kama ni choo mnataka, dawa yake ni titi. Yale maziwa ya kwanza, mazito, ndiyo yanayosukuma choo cheusi. Mnyonyesheni mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Maji ya glukosi hayana kazi hapo.

Na kitu kingine, cha huku kwetu hasa. Katika sehemu za malaria kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe za damu. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, mnavyoweka kwenye sanduku la nguo, vinaweza kuivunja damu yao ghafla. Nguo za mtoto zisikae navyo kabisa.

Bilirubini ikizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto wa dada yangu alirudishwa nyumbani kutoka kituo kimoja bila kupimwa, mama akaambiwa ni kawaida. Leo kijana huyo hasikii. Ndiyo maana nasema: manjano yakitokea kabla ya saa 24, yakifika nyayoni, au mtoto akiwa hanyonyi, analala bila kuamka, au analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, usingoje kesho. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Ngozi yetu nyeusi huficha. Sasa wenye watoto sogeeni hapa dirishani, penye mwanga. Bonyeza paji la uso kwa kidole, achia, tazama rangi kabla damu haijarudi. Kisha mfungue mdomo taratibu, tuangalie ufizi.