Milioni nne nyingine kwa programu ya mafundi?

DENIS: Karibu msikilizaji. Leo hatuna mgeni studio, tuko wawili tu, mimi Denis...

SAUMU: ...na mimi Saumu. Pamoja na ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya bajeti.

DENIS: Mrefu kweli, nitaufupisha. Ni kaka mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, ameajiriwa, jina ameomba tusimtaje. Mwaka jana alipata wazo la programu ya simu inayowaunganisha watu na mafundi. Fundi bomba, fundi umeme, fundi friji, fundi AC. Bomba limepasuka, unafungua simu, unaona nani yuko karibu, anatoza kiasi gani, waliomtumia wanasemaje, unamwita. Yeye anakata asilimia kumi. Ameshatoa milioni sita. Sasa kijana anayemtengenezea anataka nne nyingine za awamu ya pili: ramani, malipo ndani ya programu, na toleo la iPhone.

SAUMU: Na hizo nne anazo?

DENIS: Hana. Anawaza mkopo wa SACCOS ya kazini. Anauliza, aendelee au aachie hapo?

SAUMU: Mpaka sasa imeingiza nini?

DENIS: Waliopakua ni mia tatu na kitu. Kazi zilizofanyika zikalipiwa ni kumi na moja.

SAUMU: Na katika hizo kumi na moja...

DENIS: (anacheka) Najua unakoelekea. Saba ni za ndugu na wenzake wa kazini. Kasema mwenyewe, ila hapo sauti ilishuka.

SAUMU: Basi ana wateja wanne. Shemeji akiagiza fundi kwa sababu dada yake kamsisitiza, pale hatujajua kama watu wanaihitaji hiyo huduma. Tumejua tu kwamba ana shemeji mzuri.

DENIS: Ngoja nimtetee kidogo. Mtu katoa milioni sita za mshahara, sita! Akiacha leo zote zimepotea. Pengine hiyo awamu ya pili ndiyo iliyokuwa inakosekana.

SAUMU: Zimeshatoka, Denis. Akiacha zimetoka, akiendelea zimetoka. Kinachojadiliwa hapa ni hizi nne ambazo bado hajazikopa. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Arkes na Blumer, waliandika jambo hili mwaka 1985. Walienda kwenye ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio, wanunuzi wa tiketi za msimu mzima wakagawanywa bila wao kujua. Kuna waliolipa dola 15 kamili, wengine wakapunguziwa dola mbili, wengine dola saba. Maigizo ni yaleyale, viti vilevile. Nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi.

DENIS: Hela inawauma.

SAUMU: Inawauma, basi wanakwenda hata jioni ya mvua. Kwenye maigizo hasara yake ni jioni moja tu. Huyu kaka anataka kuingia kwenye deni kwa maumivu hayohayo.

DENIS: Sawa, lakini mimi nina hofu na haya mawazo ya kuacha haraka. Kila kitu kikubwa kilianza kikichekwa. M-Pesa! Wangetazama wateja wa mwanzo, si wangefunga?

SAUMU: Nafurahi umeitaja. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, lakini majaribio yalianza Oktoba 2005, Thika na Nairobi, kwa wateja wachache. Na wazo la mwanzo halikuwa kumtumia mama hela kijijini. Lilikuwa watu wa mikopo midogo warejeshe marejesho yao kwa simu, kwa kushirikiana na taasisi ya Faulu. Kwenye majaribio wakaona watu wanaifanyia mambo mengine kabisa, wanatumiana hela wao kwa wao. Wakaliacha lile la mikopo, wakashika lile watu walilokuwa wakilifanya wenyewe.

DENIS: Kwa hiyo waliendelea.

SAUMU: Waliendelea na kitu kingine, baada ya kujaribu kidogo. Tena nyuma yake ilikuwepo kampuni kubwa kama Vodafone, na bado sehemu ya gharama za mwanzo ilibebwa na mfuko wa serikali ya Uingereza. Hawakwenda SACCOS.

DENIS: (anacheka) Hapo sina la kusema. Hebu turudi kwa mafundi wenyewe, maana mimi hilo soko nalijua kwa upande wa mteja. Friji yangu iliacha kugandisha. Nikauliza duka la chini ya nyumba, nikapewa namba. Fundi kaja na mtungi wa gesi na vile vigeji vyenye mipira ya rangi, kapima, kajaza, kashusha bei mpaka tukaelewana. Kabla hajaondoka akachomoa maka mfukoni, akaandika namba yake ubavuni mwa friji. Sikumwomba! Sasa friji ina namba ya fundi kama nguzo ya umeme.

SAUMU: Na ikiharibika tena?

DENIS: Nampigia yeye. Nimpitie nani tena?

SAUMU: Ndipo penye ugonjwa wa biashara hii. Programu inawakutanisha, wakishajuana hawana haja nayo. Fundi hataki kukatwa asilimia kumi, mteja anataka apunguziwe, wanamalizana mlangoni. Marekani ilikuwepo Homejoy, kampuni ya kuagiza wasafishaji wa nyumba kwa mtandao. Ilianza 2012, ikapata mtaji wa karibu dola milioni 40, ikafunga Julai 2015. Waliwavutia watu kwa usafi wa kwanza wa dola 19. Watu wakaja kwa ile bei, wengi hawakurudi. Na kati ya waliompenda msafishaji, wapo waliopanga naye pembeni.

DENIS: Ila nilisoma kwamba ziliwaangusha kesi za wafanyakazi.

SAUMU: Kesi zilikuwepo, nne, wafanyakazi wakidai wahesabiwe kama waajiriwa, na mkurugenzi wao mwenyewe alisema ndizo zilizowamaliza. Lakini mimi nadhani biashara ambayo wateja wanarudi inapata pa kushika hata ikiwa na kesi. Ile haikuwa na pa kushika.

DENIS: Kwa hiyo unasema aache.

SAUMU: Sijasema. Nasema asilipie ramani. Ebu jiulize, bomba lako linapasuka mara ngapi kwa mwaka?

DENIS: Mara moja. Mwaka mbaya, mara mbili.

SAUMU: Na hiyo programu itakaa mwaka mzima kwenye simu ya gigabaiti 32 iliyojaa video za harusi? Utaifuta mwezi wa pili upate nafasi. Toleo la iPhone ndilo limenichekesha kabisa. Apple wanataka dola 99 kila mwaka ili tu programu iwepo kwenye duka lao. Google ni dola 25 mara moja tu. Wateja wake wanne wote wako Android, kalisema hilo mwenyewe dakika ya mwisho mwisho. Sasa iPhone ya nani?

DENIS: Hesabu sasa. Nilikaa na karatasi jana. Anasema kazi moja kwa wastani ni elfu arobaini. Asilimia kumi, elfu nne. Ili milioni nne tu zirudi, zinatakiwa kazi elfu moja.

SAUMU: Bila riba.

DENIS: Bila riba, bila bando, bila mtu wa kupokea simu fundi akichelewa. Na atachelewa. Halafu gharama za kila mwezi kasema kama laki tatu, na hizo peke yake ni kazi 75 kila mwezi. Yeye tangu aanze kapata kumi na moja.

SAUMU: Hapo hata mimi nashusha pumzi.

DENIS: Mimi hata hivyo simkatishi tamaa. Tatizo analolitatua lipo. Fundi anakwambia "nitumie kwanza nauli," ukishatuma simu haipatikani. Mimi ningelipia kuepuka hiyo adha.

SAUMU: Ungelipia kiasi gani?

DENIS: Elfu tano. Niwe na uhakika anakuja, na akiharibu kuna mtu wa kumlaumu.

SAUMU: Sawa, hilo ndilo la kupima, na linapimika kwa laini moja ya WhatsApp. Afunge ile programu kwa sasa, hata asiifute. Achague huduma moja, mtaa mmoja. Na asichague bomba, achague AC, kwa sababu AC husafishwa kila baada ya miezi michache. Tabata na Segerea zimejaa gesti, saluni, maduka ya dawa, ofisi ndogo. Awapitie kwa miguu. "Nitawaletea fundi wa AC kila baada ya miezi mitatu, mnalipa elfu tano ya kushika nafasi leo kwenye Lipa Namba, asipofika narudisha." Basi.

DENIS: Yeye anakuwa ndiye programu.

SAUMU: Ndiyo. Duka la viatu la mtandaoni la Zappos, Marekani, 1999, lilianza hivyohivyo. Mwanzilishi alipiga picha viatu vya maduka ya jirani, akaviweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, anakwenda dukani kununua kwa bei ileile ya rejareja, anamtumia. Faida hakuna, ila alitaka kujua kama mtu atanunua kiatu bila kukivaa kwanza.

DENIS: Na huyu wetu aangalie nini hasa? Maana akipata wateja kumi atasema "nimefaulu," tutarudi palepale.

SAUMU: Aangalie wageni, si ndugu, waliotoa elfu tano kabla fundi hajafika. Halafu, hili ndilo la kwangu, aangalie mara ya pili. Gesti ile ya mwezi wa kwanza, mwezi wa nne wamempigia yeye au wamempigia fundi? Wakimpigia fundi, hakuna ramani wala iPhone itakayomwokoa. Wakimpigia yeye, basi kuna kitu anawapa ambacho fundi peke yake hawapi. Hapo aje tuzungumze awamu ya pili.

DENIS: Na aandike kiwango cha hela ya kujaribia kabla hajaanza. Laki nne, tuseme, na tarehe. Amkabidhi karatasi mkewe.

SAUMU: Mkewe anajua hizi milioni sita?

DENIS: (kimya kidogo) Hakusema.

SAUMU: Haya. Na ile SACCOS, kaka, hapana. Mkopo ule una wadhamini. Ukishindwa, inakatwa akiba ya yule mliyekaa naye meza moja ofisini. Hela yako ukipenda kuijaribia ni yako, lakini usijaribie akiba ya mwenzako kwenye kitu chenye wateja wanne.

DENIS: Hapo tuko pamoja. Nina moja la mwisho. Akimwambia yule kijana "simamisha," si kijana atazima kila kitu?

SAUMU: Anaweza, na ndiyo maana aanze na hilo kabla hajatamka habari ya hela. Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Akaunti ya Play Store ni ya nani? Msimbo wote wa programu, yaani "code", uko wapi, na anaweza kupewa nakala? BRELA, kwa wakala wa kusajili biashara, kasajili jina kweli, hilo kasema. Lakini kama funguo zote ziko kwa yule kijana, milioni sita hazijanunua chochote bado.

DENIS: Mkataba upo? Maana kwenye ujumbe nimesikia "tulikubaliana" tu.

SAUMU: Basi amwandikie leo kwa WhatsApp, kwa upole, apate majibu ya maandishi. "Mdogo wangu, naomba nywila na nakala ya msimbo nihifadhi." Akijibiwa vizuri, aendelee na AC zake. Akijibiwa "awamu ya pili kwanza," atutumie ujumbe mwingine.

DENIS: Mfupi.

SAUMU: (anacheka) Mfupi, tafadhali.