Gurudumu la nyuma: kutoka Tanga hadi Ngare Sero kwa pikipiki

Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote. Nimeitwa nizungumzie safari yangu ya kaskazini, peke yangu kwa pikipiki, kutoka hapa Tanga hadi Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Nitaizungumzia. Ila kwanza nina swali, na mnaonijua mnalijua. Nani humu ndani anaendesha pikipiki? Inueni mikono. Haya, karibu ukumbi mzima. Sasa abaki na mkono juu yule tu aliyewahi kufungua gurudumu la nyuma mwenyewe, akaziba pancha, akalirudisha, fundi hayupo.

Wanne. Mwaka jana nilipouliza walikuwa wawili. Tumesogea.

Najua mnachotaka kuniambia: "Bibi, fundi yupo kila kona." Ngamiani yupo, sikatai. Kuanzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini huendi mbali hujamwona kijana na pampu yake na karai la maji. Lakini mimi nimekuwa bibi shamba Handeni miaka mingi, nikizunguka vijijini kwa pikipiki ya kazi, na pancha hata siku moja haikunisubiri nifike kwa fundi. Wanangu wa bodaboda, nyinyi mnaijua pikipiki kuanzia kiti kwenda juu. Chini ya kiti mmemwachia mtu mwingine. Hilo linaniuma, na nitaendelea kulisema mpaka mnichoke.

Njia mnaijua, siipigii hadithi. Muheza na machungwa yake, Segera, Korogwe, Mombo. Kuanzia hapo milima inakaa kuliani, Usambara kwanza kisha Upare, na kushoto ni bonde la Mto Pangani. Reli waliyoianza Wajerumani hapa kwetu 1893, ikafika Moshi 1911, unaandamana nayo. Yale maji yanayoingia baharini pale Pangani yanatoka Kilimanjaro na Meru, nami nilikuwa nayapandia kwenda yanakotoka. Nililala Same, usiku wa pili nikalala Mto wa Mbu. Siku ya tatu ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Ukipita Selela ni vumbi, mawe na makorongo makavu. Ukiiacha Engaruka, Ol Doinyo Lengai inasimama mbele yako peke yake, kilele cheupe. Mgeni anadhani ni theluji. Hasha, ni lava. Inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mlima ule ulilipuka 2007, na huko chini unapita kwenye udongo wa majivu, laini kama unga wa muhogo. Humo ndimo mkia wa pikipiki ulipoanza kucheza, saa tano asubuhi. Mnaoendesha mnajua: upepo ukiisha mbele usukani unakuwa mzito, ukiisha nyuma ni kama umempakia mtu anayeyumba. Sikugusa breki. Niliachia mafuta pole pole mpaka ikasimama yenyewe.

Stendi kubwa ikazama kwenye majivu. Nikatafuta jiwe bapa, nikaliweka chini yake. Nikavua helmeti, nikaigeuza kuwa bakuli, na kila nilichofungua nikakitia humo: nati ya fimbo ya breki, springi yake, nati kubwa ya ekseli, busha mbili. Nati ukiiweka chini kwenye vumbi lile umeizika. Nikasukuma gurudumu mbele, nikavua cheni kwenye sproketi, likatoka. Tairi lilikuwa limeng'ang'ania rimu, nikalikanyaga kwa visigino mpaka likaachia. Vyuma viwili vya kubandulia tairi, tyubu ikawa nje.

Tundu liko wapi? Karai hakuna, na maji yangu lita tatu ni ya kunywa. Fanyeni hivi: jaza tyubu upepo, kisha ipitishe taratibu karibu na midomo. Midomo inasikia upepo ambao kiganja hakiusikii. Nikalipata, tundu la sindano. Nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikasubiri mpaka kidole kikigusa hakinati, ndipo nikabandika kiraka. Wengi wenu mnabandika gundi ikiwa mbichi, halafu mnamlaumu muuza viraka. Nikarudisha kila kitu, nikajaza kwa pampu ya mkono mpaka mabega yakawaka, nikaondoka.

Sikumaliza kilomita mbili. Mkia ukacheza tena.

Nilikuwa nimeziba tundu na mwiba nimeuacha. Mwiba wa mgunga ulivunjika, kwa nje niliona kisiki chake, nikakichomoa, nikaona yamekwisha. Sikupitisha vidole ndani ya tairi. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na haraka, na kazi niliyoifanya miaka yote Handeni nikairuka siku ile. Ncha ilibaki ndani, tyubu ikachomwa tena, kando kabisa ya kiraka kipya.

Mara ya pili akanikuta kijana wa Kimaasai na mbuzi wake. "Yeyo, takwenya!" Nikaitika, "Iko!" Kiswahili alikuwa nacho kidogo, na Kimaasai changu kinaishia kwenye salamu. Hakuuliza kitu. Alichuchumaa, akatia mkono ndani ya tairi, akauzungusha taratibu kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ng'ombe. Akasita. Akarudisha kidole palepale, akanishika mkono nami nipaguse. Makubazi yake yalikuwa ya tairi la pikipiki, kwa hiyo miba inayojificha kwenye mpira anaijua kwa nyayo. Akaitoa ile ncha kwa kisu.

Ninayo kwenye kiberiti hiki. Ipitisheni, kila mtu aione, msiiangushe. Haifiki urefu wa punje ya mchele.

Sasa huko nyuma nasikia minong'ono, tairi zisizo na tyubu. Mwanangu, pikipiki yako ina rimu ya spoku, nimeiona hapo nje. Rimu ile inataka tyubu. Na hata mwenye tairi lisilo na tyubu, mwiba atautoa kwa nini na tundu atalizibaje, kama hajabeba kitu na hajui? Mwingine atasema kuna ile dawa ya kumimina ndani. Imimine, sikukatazi, lakini tairi likichanwa na jiwe haikusaidii. Na simu? Kati ya Engaruka na Ngare Sero nilitembea kitambo kirefu simu haina hata alama moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na pale ndugu mwenyewe humpati hewani.

Lipo na swali jingine, naliona machoni pa wazee wenzangu hapo mbele wanaoona haya kuliuliza. Mwanamke peke yake, njia yote ile? Nimeulizwa Same, nimeulizwa Moshi, nimeulizwa na askari wa barabarani. Nyumbani walijua kila usiku ninalala wapi, na kila magharibi ilinikuta niko ndani. Watu wa njiani hawakunitisha. Kilichonitisha ni basi lililokuwa linalipita basi jingine kati ya Hedaru na Makanya, likaja upande wangu na taa zimewashwa, nikaishia kwenye majani. Hilo msiniulize kama mwanamke. Jiulizeni nyinyi mnaopanda mabasi hayo mkimshangilia dereva.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengi ya mwinuko wa nchi na ya njia, niyaseme kwa mkato. Sisi tuko usawa wa bahari, Arusha ni kama mita 1,400. Huko hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza nguvu karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Pikipiki ikiwa nzito kupanda, usikimbilie kufungua injini, haijaharibika. Hifadhi za taifa pikipiki haiingii, msidanganyane kwamba mtakatisha Serengeti. Petroli jazeni Mto wa Mbu, tangi lijae. Magofu ya Engaruka na mifereji yake ya kale nayaacha, yanataka siku yake, na ziwa lenyewe na heroe wake hali kadhalika.

Maana nimekuja na gurudumu. Lile pale kwenye meza, la nyuma, lina pancha niliyoitoboa mwenyewe asubuhi, na ndani ya tairi nimeacha mwiba. Vyuma viwili, msasa, gundi, viraka, pampu. Karai sikuleta, na maji sitoi. Wewe wa karibu na mlango, mwenye shati la bluu, mkono wako haukuinuka. Njoo, mwanangu. Vua helmeti, igeuze, iweke hapa.