Mrija Umeingia, Lakini Umeingia Wapi?

Asalaam aleikum wenzangu wauguzi na matabibu wa Lamu. Nianzie pale ambapo mrija wa kupumulia umeshapita mdomoni mwa mtoto mchanga na kila mtu chumbani anashusha pumzi. Msishushe bado.

Umande ndani ya mrija si ushahidi, kwani hutokea hata mrija ukiwa kwenye umio, yaani njia ya chakula. Stetoskopu nayo hudanganya: kifua ni kidogo mno, sauti ya hewa inayoingia tumboni hufika hadi kwapani. Sikilizeni makwapa yote mawili, kisha tumbo, ila msiishie hapo.

Cha kuaminika zaidi ni mapigo ya moyo kupanda haraka, pamoja na kile kifaa cha rangi kinachopachikwa kati ya mrija na ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Mtoto akitoa hewa ya kaboni, zambarau hugeuka manjano, na akivuta hurudi zambarau. Mpeni pumzi sita hivi. Ikibaki zambarau, aghalabu mko kwenye umio: toeni mrija, mpeni hewa kwa barakoa. Lakini moyo ukiwa umesimama au unapiga polepole mno, damu haifiki mapafuni vya kutosha, na rangi itabaki zambarau hata mrija ukiwa mahali pake. Hapo tazameni tena kwa laringoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuonea koo. Na manjano isiyorudi nyuma? Huenda kifaa kimeguswa na adrenalini au asidi ya tumbo.

Kina: uzito kwa kilo, jumlisha 6, ndiyo alama ya sentimita kwenye mrija inayopaswa kuwa mdomoni. Mwenye kilo 2 atakaa kwenye 8. Chini ya gramu 750 hesabu hiyo huzamisha mno. Pimeni kutoka ukuta wa katikati ya pua hadi kinundu cha mbele ya sikio, ongezeni sentimita 1. Upande wa kulia ukisikika zaidi, vuteni nusu sentimita, msikilize tena. Kwenye eksirei, angalieni kwanza shingo: kidevu kikiinama, ncha ya mrija hushuka, kikiinuka, hupanda.

Sasa safari. Kitandani hadi machela, machela hadi boti, boti hadi ambulensi pale Mokowe: kila kuhamishwa, someni upya namba ya mdomoni. Kausheni mate kabla ya plasta. Injini ikinguruma stetoskopu haifai kitu. Tegemeeni kifua kinavyoinuka, rangi na oksimita, kile kipima oksijeni ya damu. Kifaa cha rangi kisilowe. Mrija ukichomoka katikati ya maji, msijaribu kuurudisha botini, tumieni barakoa ya saizi yake mpaka mfike nchi kavu.