Usiniulize Kachaguliwa wa Ngapi

Asanteni. Mnaonifahamu mnajua nitakachosema, kwa hiyo mwaweza kuanza kuguna mapema. Nazungumzia hoki ya barafu, si ile ya City Park Nairobi ambayo baadhi yenu mmeicheza. Na sitaeleza kirefu drafti ya NHL, ligi kuu ya hoki hiyo Marekani na Kanada, inavyokwenda. Timu 32 huchagua vijana kwa zamu, raundi 7, mnaijua. Neno langu ni lile lile: mtu akiniambia kijana fulani kachaguliwa wa ngapi, hajaniambia kitu. Aniambie kachaguliwa na nani, na huko aendako nani amekaa mbele yake.

Siku ya mechi timu huingiza washambuliaji 12, mabeki 6 na makipa 2. Washambuliaji hao ni safu nne za watu watatu watatu. Safu ya kwanza inaweza kupata dakika 20, ya nne ikabaki na nane au tisa. Sasa mchukue kijana aliyelelewa kufunga mabao, mpe dakika nane, mpange na wanaume wawili ambao kazi yao ni kuwabamiza watu ukutani, kisha msimu ukiisha useme ameshindwa. Ameshindwa nini? Ulimpa nini afanye?

Nitawapa mfano wangu. Ndiyo, ule ule wa timu ya Tampa Bay, vumilieni.

Msimu wa 2018–19 Tampa walishinda mechi 62 kati ya 82. Nyota wao Nikita Kucherov peke yake alipata pointi 128, yaani mabao na pasi za mabao. Walikuwa na Stamkos, walikuwa na Point, walikuwa na kila kitu. Wakaingia mchujo wa kuwania ubingwa, raundi ya kwanza, dhidi ya Columbus; wa kwanza kushinda mechi nne ndiye anayepita. Mechi ya kwanza wanaongoza 3–0; wakalala 4–3. Mechi nne mfululizo wakafungwa zote, wakaenda nyumbani.

Wengi wetu tungekimbilia kununua nyota mwingine. Meneja wao, Julien BriseBois, Februari 2020 alimleta Blake Coleman kutoka New Jersey na Barclay Goodrow kutoka San Jose. Sikilizeni bei. Kwa Coleman alitoa nafasi ya kuchagua kijana raundi ya kwanza ya drafti, akaongeza na kijana Nolan Foote, ambaye mwenyewe alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka mmoja tu nyuma. Kwa Goodrow, nafasi nyingine ya raundi ya kwanza. Coleman alichaguliwa wa 75 mwaka 2011. Goodrow hakuchaguliwa na timu yoyote. Na wote wawili walikuwa wanakwenda safu ya tatu! Ukitaka kujua mtu wa safu ya tatu ana thamani gani, usisikilize maneno ya mameneja, tazama wanachotoa mfukoni.

Wa tatu wao alikuwa tayari yupo: Yanni Gourde. Huyu aliongoza ligi ya vijana ya Quebec kwa pointi msimu wa 2011–12, na bado hakuna aliyemchagua. Mfupi, walisema. Akashuka mpaka ligi za chini kabisa za kulipwa, akapanda taratibu, akafika NHL kwa kudumu akiwa na miaka 25. Njiani alijifunza kulinda. Alijifunza kumkera senta, yaani mshambuliaji wa kati, wa safu ya kwanza ya wapinzani mpaka asahau kilichomleta.

Agosti 2020, Columbus tena. Mechi ya kwanza ilikwenda mpaka muda wa nyongeza wa tano, maana kwenye mchujo huchezwa mpaka mtu afunge. Wa tano, jamani! Hapo safu ya kwanza pekee haikufikishi, miguu inakataa. Brayden Point, wa 79 mwaka 2014, ndiye aliyefunga la mwisho, na magazeti yakaandika Point. Sawa. Lakini aliyesawazisha 2–2 katika kipindi cha tatu, bao ambalo bila hilo hakuna nyongeza hata moja, ni Gourde. Tampa wakabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Mwaka uliofuata, nusu fainali na Islanders, mechi ya saba inaisha 1–0. Mfungaji Gourde, tena wakati timu yake iko pungufu mtu mmoja kwa adhabu. Wakabeba tena.

Kisha kikomo cha mishahara, kiasi ambacho timu hairuhusiwi kuzidi, na kuingia kwa timu mpya ya Seattle vikawatawanya: Gourde Seattle, Coleman Calgary, Goodrow New York. Na BriseBois akafanya nini Machi 2022? Akatoa nafasi mbili za raundi ya kwanza kumpata Brandon Hagel, kijana ambaye Buffalo walimchagua wa 159 kisha wakamwacha bila mkataba.

Namwona mzee pale nyuma ananyanyua kidole. Utaniambia nyota kama McDavid angeng'ara popote. Bila shaka. Na Crosby. Hao ni wawili watatu kila baada ya miaka kadhaa, na mwanao, Mungu amjalie, huenda si mmoja wao. Mimi nazungumzia wale mia mbili na ushee wanaobaki.

Mwingine atasema natafutia visingizio walioshindwa. Haya, Nail Yakupov. Edmonton walimchagua wa kwanza 2012, baada ya kuchagua wa kwanza 2010 na 2011 pia, wote washambuliaji. Msimu wake wa mwanzo alifunga mabao 17 katika mechi 48. Kocha akafukuzwa. Akaja mwingine, naye akafukuzwa. Kila mmoja anataka kijana acheze namna yake. Je, Yakupov mwenyewe alikuwa na kasoro? Alikuwa nazo, hasa akiwa hana kisahani, yaani kile kinachopigwa badala ya mpira. Lakini timu iliyokosa mchujo miaka kumi mfululizo haikuwa na wa kumfundisha. Detroit walimchagua Datsyuk wa 171 mwaka 1998, hawakumharakisha, na alipoingia 2001 alimkuta Brett Hull wa kucheza naye. Linganisheni wenyewe.

Mabeki ni hadithi hiyo hiyo, ila huchelewa zaidi kukomaa. Makipa nilikuwa nimewaandalia kurasa nzima, ila Tampa wameula muda wangu, kama kawaida.

La mwisho, kwa wazazi. Mazoezini mwombeni kocha ampange kijana wenu wakati timu iko pungufu, hata kama yeye ndiye mfungaji wenu bora. Atanuna, mwacheni anune. Na timu zikianza kumwita kwa mahojiano, msikae mkisubiri kuulizwa tu. Mikataba ya NHL iko wazi kwa umma. Tazameni katika nafasi yake wako wangapi, mikataba yao inaisha mwaka gani, kisha aulize: mkinichukua, nitacheza na nani?