14 ya Ufaransa Ni Ngapi Ujerumani?

MWANAISHA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mwalimu Otieno, juzi ulinipigia simu nikakuambia sina nafasi ya kuzungumza, na sasa nitakueleza kwa nini. Nilikuwa na Rukia, mtoto wa dada yangu, tukishughulikia maombi yake ya shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Ujerumani. Amemaliza shahada ya kwanza Lyon kwa wastani wa alama 14 kati ya 20, na kwa utaratibu wa Ufaransa wastani huo humpa mwanafunzi sifa ya kufaulu vizuri. Chuo anachokiomba kinataka wastani wa 2.5 au bora zaidi kwa hesabu ya Kijerumani, ambako tarakimu ndogo ndiyo bora. Wameibadilisha 14 yake, wakapata 2.8, na kwa hiyo jina lake limekaa chini ya mstari.

OTIENO: Pole sana, Bi. Mwanaisha, na mpe Rukia pole zangu. Mada tuliyoipanga leo ni hiyo hiyo ya nchi za Ulaya zinavyopashana habari kuhusu mifumo yao ya elimu, na tulikusudia kumalizia kwa mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kumhamisha mtoto. Lakini kwanza nifafanulie hiyo 2.8 imetoka wapi.

MWANAISHA: Imetoka katika kanuni inayoitwa ya Bavaria, ambayo vyuo vingi vya hapa huitumia kwa alama za nje. Unachukua alama ya juu kabisa, unatoa alama ya mwanafunzi: 20 kutoa 14, unabaki na 6. Kisha unachukua ile alama ya juu kabisa, unatoa alama ya chini ya kufaulu: 20 kutoa 10, unabaki na 10. Unagawa 6 kwa 10, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1, unapata 2.8. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba inachukulia kuwa 20 ya Ufaransa hutolewa kama 1 ya Ujerumani inavyotolewa, na si kweli. Ufaransa ukipata 16 umeshaingia katika daraja la vizuri sana, na wahadhiri wengi hawaifikirii kabisa 20. Hata huyo mwenye 16, kanuni inampa 2.2.

OTIENO: Na hapo Ujerumani, 1 ni bora kuliko 4.

MWANAISHA: Ndiyo. Kwetu Tanzania hilo halishangazi, kwa sababu kidato cha nne Daraja la Kwanza huanzia pointi 7 hadi 17, na mwenye pointi 7 ndiye aliyefanya vizuri kuliko wote. Wewe uliyesoma Kenya, ambako A ni pointi 12, ndiye utakayeona mambo yamegeuzwa juu chini.

OTIENO: Kweli, na wazazi wengi kutoka kwetu huanza kwa kuisoma ripoti ya mtoto kinyume. Lakini Ujerumani yenyewe hubadili mwelekeo katikati ya safari. Mtoto anasoma miaka yote akijua kwamba 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbaya. Akifika madarasa ya juu ya sekondari ya Gymnasium anaanza kupewa pointi kuanzia 0 hadi 15, na hapo 15 ndiyo bora. Mwishoni pointi hizo zinageuzwa tena kuwa wastani ambao kilele chake ni 1.0.

MWANAISHA: Ufini je? Uliwahi kuniambia habari za huko.

OTIENO: Ufini shule za msingi hutumia 4 hadi 10, na 4 ni kufeli. Lakini katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya juu hutumia herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini. Alama ya juu kabisa ni L, laudatur, zinafuata E, M, C na B, halafu A. Hiyo A, approbatur, ni alama ya chini kabisa ya kufaulu. Sasa mchukue mtoto huyo mwenye A yake umpeleke kwa karani aliyezoea mtihani wa Kenya.

MWANAISHA: Denmark?

OTIENO: Denmark wana ngazi saba: 12, 10, 7, 4, 02, 00 na -3. Anayepata 02 amefaulu. Italia wanahesabu kwa namna tatu: mtihani wa kumaliza sekondari ni kati ya 100, kila mtihani wa chuo ni kati ya 30 na kufaulu ni 18, na shahada nzima hupewa alama kati ya 110.

MWANAISHA: Mfano unaonigusa zaidi kuliko hiyo yote ni wa mto Danube. Upande wa kaskazini pana mji wa Komárno, ulioko Slovakia, na upande wa kusini pana Komárom, ulioko Hungaria. Zamani ulikuwa mji mmoja, na hata leo Komárno ina wakazi wengi wanaozungumza Kihungaria na wana shule za lugha yao. Slovakia 1 ndiyo alama bora na 5 ni kufeli. Hungaria 5 ndiyo bora na 1 ni kufeli. Mtoto wa darasa la tano aliyeongoza darasa lake akivuka daraja akiwa na ripoti iliyojaa 1, upande wa pili tarakimu hizo hizo zinasema amefeli kila somo.

OTIENO: Lakini hakuna mwalimu wa Komárom atakayeipokea ripoti hiyo akadhani mtoto amefeli. Wanajuana. Wamekaa na jambo hilo vizazi na vizazi, na hapo ndipo ninapotaka kuliweka lengo la kupashana habari: watu wajuane kiasi kwamba tarakimu isiwapoteze.

MWANAISHA: Wale wanajuana kwa sababu daraja ni fupi. Kati ya Lyon na huku nilipo hakuna ujirani wa namna hiyo, kwa hiyo panahitajika maandishi. Na maandishi yapo, Mwalimu, ndiyo maana nina uchungu. Mtandao wa Eurydice umekuwapo tangu 1980. Leo una vitengo katika nchi 37, na kila nchi imeeleza mfumo wake kwa kina: watoto wanaanza lini, wanagawanywa lini, wanapimwaje, walimu wanaandaliwaje. Mtu yeyote anaweza kuyasoma maelezo hayo bila kulipa chochote. Kisha vipo vituo vya NARIC vilivyoanzishwa na Kamisheni ya Ulaya mwaka 1984 kwa ajili ya utambuzi wa vyeti, na mwaka 1994 Baraza la Ulaya na UNESCO wakaanzisha mtandao wa ENIC unaofanya kazi navyo bega kwa bega. Habari hazikosekani. Kinachokosekana ni wajibu wa anayeamua kuzisoma kabla ya kuamua.

OTIENO: Wajibu upo. Mkataba wa Lisbon wa 1997, ule wa utambuzi wa vyeti vya elimu ya juu, unasema kwamba cheti cha nchi mwanachama kitambuliwe isipokuwa pale ambapo kuna tofauti kubwa, na mzigo wa kuthibitisha tofauti hiyo uko kwa taasisi inayokitathmini, si kwa mwanafunzi.

MWANAISHA: Naujua mkataba huo, nami niliutaja pale ofisini. Nikajibiwa kwa adabu kabisa kwamba shahada ya Rukia imetambuliwa kikamilifu, na kwamba kilichomkwamisha ni wastani wake tu. Wamefungua mlango wakaacha mnyororo. Cheti kinatambuliwa kwa ngazi yake, lakini thamani ya kazi aliyoifanya kwa miaka mitatu inaamuliwa na mstari mmoja wa hesabu ambao haujui chochote kuhusu Lyon.

OTIENO: Kiambatisho cha shahada yake, ile hati ya maelezo inayotolewa pamoja na cheti, kilisema nini?

MWANAISHA: Umeniuliza jambo la maana. Kiambatisho hicho kina sehemu nane, na sehemu ya nane inaeleza mfumo mzima wa elimu ya juu wa nchi iliyotoa shahada. Kwa Rukia sehemu hiyo ilijazwa vizuri kabisa, na ina mchoro wa ngazi zote. Lakini katika sehemu ya nne, penye nafasi ya kueleza utaratibu wa alama na, ikiwezekana, jinsi alama zilivyogawanyika miongoni mwa wanafunzi, palikuwa na mstari mmoja tu: alama ni 0 hadi 20, kufaulu ni 10. Jedwali la mgawanyo halikuwapo. Kama lingekuwapo, mtu angeona mara moja ni wanafunzi wachache kiasi gani waliofika 14 katika kozi ile.

OTIENO: Basi lawama ni ya chuo kilichotoa shahada, si ya chuo kilichoipokea.

MWANAISHA: Ni ya vyote viwili, na juu yake ni ya utaratibu unaosema "ikiwezekana". Kwa maoni yangu jedwali hilo liwe la lazima. Kila chuo cha Ulaya kinachotoa shahada kitoe mgawanyo wa alama zake, na kila chuo kinachopokea maombi kilazimike kuutumia. Wewe mwenyewe unajua hali ilivyo hapa. Baraza la Sayansi la Ujerumani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2012 kwamba takriban wahitimu wanne kati ya watano humaliza na alama ya vizuri au vizuri sana, ilhali katika somo la sheria ni wachache mno wanaofika huko. Kama 2 ya somo moja na 2 ya somo jingine hazilingani ndani ya nchi moja, tutawezaje kuitumia kanuni moja kwa nchi nzima ya Ufaransa?

OTIENO: Hapo sikubaliani nawe, Bi. Mwanaisha, na naomba nieleze bila haraka. Jedwali linalinganisha nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wenzake. Lakini wenzake ni akina nani? Huku kwetu Flandria, Ubelgiji, ukiwa na cheti cha sekondari unaruhusiwa kuingia karibu kozi yoyote ya chuo kikuu, isipokuwa chache kama udaktari zenye mtihani wa kuingilia. Kwa hiyo mwaka wa kwanza una watu wa kila aina, na wengi wanaanguka. Chuo kingine kinachuja wanafunzi kabla hawajaingia. Aliye katika kumi bora kwa mia wa chuo cha kwanza na aliye katika kumi bora kwa mia wa chuo cha pili si lazima wawe sawa. Jedwali lako litazalisha kosa jingine ambalo litakuwa gumu kulipinga, kwa sababu litaonekana la kisayansi.

MWANAISHA: Hiyo ni sababu ya kulisoma jedwali pamoja na maelezo ya udahili, si sababu ya kuliacha.

OTIENO: Na la pili: mkishalifanya kuwa la lazima, wahadhiri wa Lyon wataanza kutoa alama kwa kutazama Ujerumani. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, katika kifungu cha 165, umeacha maudhui ya mafundisho na mpangilio wa elimu mikononi mwa kila nchi, nami nauheshimu uamuzi huo. Ubelgiji ninakoishi kuna jamii tatu za lugha, kila moja ina shule zake, na kila moja ina kitengo chake cha Eurydice. Ninafundisha watoto ambao walimu wao wanaijua kila alama waliyoitoa na sababu yake. Sitaki alama ya darasani kwangu ipangwe na mtu anayetazama jedwali akiwa mji mwingine.

MWANAISHA: Lakini Ubelgiji hiyo hiyo, pamoja na Uholanzi na Luxemburg, waliamua mwaka 2015 kutambuliana shahada moja kwa moja, bila mtu kupita dirishani kuomba. Shule za Flandria hazikupotea.

OTIENO: Walitambuliana ngazi ya shahada. Alama hawakuzigusa, na walifanya vizuri kutozigusa. Na pendekezo la Baraza la Umoja wa Ulaya la mwaka 2018, lililotaka nchi zote zifike kwenye utambuzi wa moja kwa moja, nalo linahusu ngazi na ruhusa ya kuendelea na masomo.

MWANAISHA: Na ni pendekezo tu, halimlazimishi mtu. Mwalimu, wewe unazungumza kama mtu aliye upande wa anayetoa alama. Mimi nazungumza nikiwa upande wa anayezibeba hadi nchi nyingine. Mhadhiri aliyempa Rukia 14 hatajua kamwe kwamba imekuwa 2.8. Wewe ukimpa mwanafunzi wako alama hapo Gent, Ubelgiji, unajua itakavyosomwa Porto, Ureno?

OTIENO: Sijui, na ndiyo maana nataka mtu wa Porto asome maelezo, anipigie simu, aniulize. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na hesabu, iwe yako au ya Bavaria.

MWANAISHA: Chuo kinachopokea maelfu ya maombi hakitakupigia simu.

OTIENO: Basi kiajiri watu wa kutosha wa kuyasoma.

MWANAISHA: Na mpaka kiwaajiri, mtoto afanye nini?

OTIENO: Aombe barua kutoka idara yake ya Lyon inayoeleza nafasi yake katika darasa, aiambatishe kwenye rufaa. Hilo linawezekana wiki hii hii.

MWANAISHA: Barua tumeshaiomba, na natumaini itafika kabla dirisha la rufaa halijafungwa. Lakini hiyo ni hisani ya idara. Nami siwezi kukubali kwamba haki ya mwanafunzi itegemee katibu wa idara kuwa na moyo mwema.

OTIENO: Nami siwezi kukubali kwamba haki hiyo italetwa na jedwali la lazima. Naona fundi mitambo anatuonyesha saa.

MWANAISHA: Yale mambo matatu kwa wazazi hatukuyagusa hata moja.

OTIENO: Hatuna muda wa kuyasoma, na tukiyakimbiza tutawapotosha watu. Wasikilizaji wenye ripoti kutoka nchi mbili tofauti za Ulaya watuandikie, wataje nchi, ngazi ya shule na jinsi alama zilivyobadilishwa. Kama kuna aliyebadilishiwa kwa jedwali la mgawanyo, huyo ningependa kumsikia wa kwanza.

MWANAISHA: Na kama kuna aliyepigiwa simu na chuo kabla ya kuamuliwa, huyo nami nitamsubiri.