Utepe Kabla ya Tanuri: Malighafi Tangulizi na Sumaku Mseto za Nano

Ndugu wasikilizaji, katika sumaku mseto za neodimi, chuma na boroni, mabishano mengi huwa juu ya joto la tanuri. Ninavyoona mimi, tanuri humalizia tu kilichoanzwa na utepe, yaani ukanda mwembamba wa aloi unaopashwa humo.

Sumaku hizi zina sehemu mbili. Nd2Fe14B, kiwanja cha neodimi, chuma na boroni, ni ngumu: ikishapewa usumaku, haiuachii kirahisi. Chuma ni laini, lakini kina usumaku mwingi zaidi, takriban tesla 2.15 dhidi ya 1.6. Ili kigumu kikishike kilaini, chembe za chuma zisizidi sana nanomita 10. Zikivimba hadi 30 au 40, chuma hugeuka kivyake, na mchoro wa kuondoa usumaku huonyesha kinundu.

Tuchukue aloi ya Nd9Fe85B6, namba zikiwa asilimia za atomi. Donge huyeyushwa kwa tao la umeme ndani ya argoni, likageuzwa na kuyeyushwa tena mara 4 au 5, la sivyo mchanganyiko hautalingana. Kisha aloi iliyoyeyuka hurushwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kasi, nayo huganda kuwa utepe.

Gurudumu likienda polepole, upande wa utepe usiogusa shaba huchelewa kupoa na chembe za chuma hukua papo hapo. Hakuna tanuri la kuzipunguza. Likienda kasi mno, utepe hutoka bila fuwele yoyote, na wengi hushangilia. Mapema mno! Ukipashwa moto, chuma hutangulia kujiunda, kikaendelea kunenepa huku sehemu ngumu haijatokea. Mara nyingi utepe bora ni ule uliokaribia kukosa fuwele lakini una mbegu nyingi ndogo za fuwele zilizotapakaa sawasawa. Kasi yenyewe hutegemea pia tundu la kumiminia na shinikizo la gesi, kwa hiyo usinakili namba ya mwenzako. Piga eksirei pande zote mbili za utepe uone fuwele zilizomo. Niobi au zirkoni kidogo, kama asilimia 1 ya atomi, huzuia chembe kukua. Pasha haraka, dakika chache kwenye nyuzi 650 hadi 700 za Selsiasi.

Wanaopitia njia ya kemikali, yaani jeli ya nitrati, asidi ya boriki na asidi ya sitriki inayochomwa kuwa oksidi, kisha kuondolewa oksijeni kwa hidridi ya kalsiamu, wana adha nyingine: kuosha. Maji yakikuta hidridi iliyobaki hutoa hidrojeni, nayo huingia ndani ya Nd2Fe14B na kuidhoofisha. Unga huo upashwe ndani ya ombwe ili hidrojeni itoke.