Kovu la Ubongo Limesingiziwa

Walionisikia siku nyingine wanajua nitasema nini leo, na wataniwia radhi: astrosaiti, zile seli zenye umbo la nyota zinazozihudumia seli za neva, zimesingiziwa. Tumefundishwa, na wengine bado tunafundisha, kwamba ubongo au ugwe wa mgongo ukiumia, seli hizi hujenga kovu, na kovu hilo ndilo linalozuia nyuzi za neva kuota upya. Dawa ikawa rahisi kuitamka: ondoeni kovu.

Shaka hiyo ilianzia mbali. Mwaka 1928 Cajal, mtafiti wa neva kutoka Hispania, alieleza jinsi nyuzi zilizokatwa zinavyojaribu kuota kisha zikakwama. Mwaka 1981 watafiti David na Aguayo wakapandikiza neva ya mguu wa panya kati ya shina la ubongo na ugwe wa mgongo, na nyuzi zilizogoma siku zote zikaota humo takriban sentimita 3. Kumbe uwezo upo, tatizo ni mazingira! Mkosaji akasakwa, na astrosaiti zikakutwa zimesimama penye jeraha. Zimamoto naye hukutwa kwenye kila nyumba inayoungua. Je, tumfunge kwa kuichoma?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi husinzia. Mwaka 2004 maabara ya mtafiti Sofroniew huko Los Angeles ilitumia panya waliobadilishwa kijeni ili astrosaiti zinazogawanyika baada ya jeraha ziuawe kwa dawa. Kama kovu ni adui, panya hao wangepona haraka zaidi. Hawakupona. Kizuizi kati ya damu na neva kilishindwa kujirekebisha, seli za kinga zinazoleta uvimbe zikamwagika hadi kwenye tishu iliyokuwa salama, seli za neva zikafa, miguu ikalegea. Na hata jeraha la wastani, ambalo panya wenzao wenye kovu walikuwa wakilimudu, liliwalemaza. Kazi ya kovu ni hiyo: astrosaiti changa hujipanga bega kwa bega kuzunguka jeraha, na ndani ya wiki mbili hivi mpaka umefungwa. Uharibifu unabaki ndani.

Najua mtasema: sawa, linalinda mwanzoni, lakini baadaye linaziba njia. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2016 Anderson na wenzake walilizuia kovu lisijengeke, na kwa panya wengine wakaliondoa likiwa limeshakomaa. Nyuzi hazikuota. Walipozipa nyuzi za hisia vichocheo vya ukuaji, zilipenya jeraha kovu likiwa palepale; kovu lilipozuiwa, ukuaji huo ukapungua. Nawaomba mlirudie hilo mkifika nyumbani, kwa sababu kila nikilisema kuna mtu hunijibu kwa hoja ileile niliyokwisha kuijibu.

Kuna mwenye haki ya kunipinga, naye ni yule anayeitaja kondroitinase. Kweli, mwaka 2002 Bradbury na wenzake walitumia kimeng'enya hicho kumeng'enya minyororo ya sukari ya proteoglikani, molekuli za penye kovu zinazozuia nyuzi, kwenye jeraha la panya, nyuzi zikaota na miguu ikafanya kazi vizuri zaidi. Silikatai jaribio hilo hata kidogo. Ila kusafisha molekuli fulani si sawa na kubomoa mpaka wote, na proteoglikani hizo hazitoki kwa astrosaiti peke yake. Seli nyingine zilizomo ndani ya jeraha nazo huzitengeneza. Mbona hizo hazishitakiwi?

Naonyeshwa kwamba muda umekwisha, basi nikimbie. Ule mgawanyo wa astrosaiti mbaya na nzuri, A1 na A2, uacheni. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilikubaliana kwamba ni finyu mno, kwa kuwa seli hizi hubadilika kwa namna nyingi kulingana na jeraha, mahali na muda. Umbali kutoka kwenye jeraha pekee unatosha kutofautisha: zilizo mbali huvimba tu na kuongeza protini ya GFAP, kisha hurudi hali yake, zilizo karibu hujenga mpaka.

Na GFAP hiyohiyo huvuja hadi kwenye damu. Tangu 2018 Marekani imeidhinisha kipimo cha damu kinachoipima pamoja na protini nyingine, ili kusaidia kuamua ni nani aliyegongwa kichwa anayehitaji picha ya CT. Nilikuwa na slaidi saba juu ya hilo. Aliyekaa na swali kuhusu kondroitinase aanze yeye, nimeshamwona amenyoosha mkono.